Udongo Mbichi wa Neti ya Pili

Vijana wangu wa uwanjani, siku mliponiaga mlinipa mwavuli. Nashukuru, ila nilipofika nyumbani nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mtu aliyeomba dua maisha yake yote mvua isinyeshe siku ya mechi, leo ndiyo anapewa mwavuli! Haya, kila kitu na wakati wake. Mliniomba pia niwaandikie mambo ya kazi, na ahadi ni deni. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye majalada, na hayajapata kumfundisha mtu kuvuta rola. Nitawajibu lile swali mnalonongʼonezana kila anapoletwa mtu mpya: kwa nini Mzee Omari hamruhusu mtu kutupa mpira mpaka kwanza abonyeze udongo kwa kidole gumba? Mmekuwa mkidhani ni uzee. Wallahi si uzee, ni woga, na una historia yake.

Nilianza kazi miaka ya hamsini mwanzoni, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka Kisarawe na mke mpya, Zuhura, tumepanga chumba kimoja Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa miji mitatu iliyobanana. Wazungu walikaa pwani penye upepo, Wahindi katikati kwenye maduka, na sisi Kariakoo na Ilala. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kilitutenga nao kama ukuta usio na matofali. Kila asubuhi nilikivuka kwa miguu, na nikishavuka nilikuwa mtu mwingine. Sauti niliipunguza, nilitembea pembeni mwa barabara, na mikono niliitoa mifukoni ili kila mtu aione. Hakuna aliyenifundisha hayo. Woga ni mwalimu asiyehitaji ubao.

Klabu ya Wazungu ilikuwa na malango mawili. La mbele lilikuwa la wanachama. La nyuma lilipitisha takataka zikitoka na sisi tukiingia. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya mgongo: rola ya chuma ya kushindilia udongo ilivutwa na watu watano, na mmoja alikuwa ameacha kazi.

Msimamizi wetu wa uwanja alikuwa Mzee Elia, Mchagga wa Machame, mrefu, mkavu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka ukiigusa mikunjo unaogopa kujikata. Alikuwa hapo miaka kumi na tisa. Asubuhi aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani, na watu wa pwani alitudharau kwa upendo.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Kisarawe."

"Aa. Basi kulala unajua. Hapa nitakufundisha kuamka."

Somo lake la kwanza halikuwa rola. Alichuchumaa katikati ya pichi, ile njia nyembamba ya udongo ulioshindiliwa ambapo mpira hudunda, akabonyeza kwa kidole gumba. "Kidole kikigoma, watu wacheze. Kidole kikizama, hachezi mtu, hata awe gavana. Udongo wa juu hukauka haraka ukaficha wa chini. Macho yatadanganyika, kidole hapana." Maji tulimwaga kwa paipu siku mbili kabla ya mchezo, asubuhi tu, halafu aliyefungua koki ndiye aliyeifunga, na kabla ya kuondoka alirudi kuishika tena kwa mkono kuhakikisha. Mzee Elia mwenyewe hakupita penye koki bila kuigusa, hata kama hakuifungua yeye.

Kwa wajukuu watakaosoma haya bila kuujua mchezo, kriketi ni hivi: nyuma ya mpigaji vimesimamishwa vijiti vitatu, naye anavilinda kwa gongo bapa. Mtupaji anakuja mbio kutoka upande wa pili, anautupa mpira kwa mkono ulionyooka, unadunda mara moja chini, na nia yake ni kuviangusha vile vijiti; zamu yake moja ni mipira sita. Mpira wenyewe ni mgumu, jiwe lililovikwa ngozi nyekundu na kushonwa. Kofia za chuma mnazovaa ninyi siku hizi hazikuwapo.

Jioni wanachama walifanya mazoezi kwenye njia mbili zilizozungushiwa nyavu, tuliziita neti ya kwanza na neti ya pili. Walihitaji mtu wa kuwatupia mpaka wachoke. Kabla yangu mtu huyo alikuwa Hamisi, kijana wa mtaa wa Gerezani. Siku moja mpira wake ulimpata Mzungu mmoja mdomoni, meno mawili yakatoka. Hamisi alipelekwa mahakamani kwa kosa la kushambulia, akafungwa mwaka mzima. Nafasi yake ikawa wazi, na hakuna aliyeigombea.

Nikaipata mimi kwa kiherehere changu. Nilikulia kwenye mashamba ya mahindi nikiwafukuza ngedere kwa mawe, kwa hiyo siku moja mpira ulipovuka uzio niliurudisha kwa kishindo ukaenda kugonga kijiti kutoka mbali. Katibu wa klabu aliona. Tulimwita Bwana Kengele, kwa sababu alituita kwa kengele ndogo ya mezani. Aliipiga mara tatu, nikaenda mbio.

"Wewe," akasema kwa Kiswahili chao cha jikoni. "Wewe tupa. Bwana piga. Wewe leta mpira. Kwisha."

Mzee Elia alinifunga kiwiko kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa cha kanga, nikatupa hivyo wiki mbili mpaka mkono ukazoea kunyooka. Alikuwa hajapata kucheza hata siku moja, lakini alikuwa ametazama miaka kumi na tisa, na mtazamaji wa namna hiyo hana mfano. Alipokifungua kile kitambaa alinipa na kanuni zangu.

"Sikiliza, Omari. Kazi yako si kutupa. Kazi yako ni kupigwa. Ukiona bwana anafurahi, umefanya kazi vizuri. Vijiti vikianguka, sema samahani."

"Samahani ya nini, mzee, wakati ndiyo mchezo wenyewe?"

"Ya kuwa hodari," akajibu, akaenda zake.

Nikaisema samahani ile mara nyingi kuliko nilivyosema bismillahi. Nilijifunza kutupa vibaya kwa ustadi, mpira ukaonekana wa nguvu kumbe umejaa huruma. Hakuna kazi ngumu kama kujipunguza kwa kipimo. Ukizidisha, bwana anajua unamdanganya, ukipunguza kidogo tu, vijiti vinaanguka mbele ya mkewe. Kila jioni nilirudi nyumbani shati limelowa, na jasho la mbio lilikuwa kidogo humo.

Kilichonitia matatani ni Jumapili. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa huko Uhindini, Jayanti, alikuwa nahodha wa timu ya vijana wa Kihindu, na kila mwaka walicheza na klabu ya Wazungu wakapigwa. Akanikamata dukani kwake siku niliyokwenda kumnunulia Zuhura doti ya kanga.

"Omari bhai, vijana wangu wanaogopa mpira wa kasi. Njoo uwanja wa Jangwani Jumapili uwazoeshe. Tupa yote, usibakize."

Ningekataa. Kanuni ya klabu ilikuwa mtumishi hafanyi kazi kwingine. Lakini aliposema "tupa yote" kitu kilicheka moyoni. Nikaenda. Mtume! Nilitupa Jumapili ile kama mtu aliyefunguliwa kamba. Vijana wa Kihindu waliruka wakipiga kelele, na Jayanti akashika kichwa kwa furaha. Hiyo bhai maana yake ndugu, lakini msidhani nilikuwa ndugu yao. Jina langu halikuandikwa kwenye timu, na chai yangu ilikuja kwenye kikombe changu peke yangu, kilichotundikwa kwenye msumari nje. Ila kwa saa mbili kila wiki nilikuwa mtupaji, na sikujua kama kuna anayenitazama.

Sasa nije kwenye Alhamisi ile. Mechi ya Wazungu na Wahindi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Zuhura alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi nikiwa napita sokoni kwenda kazini, mtu akaniita kutoka kwenye malori ya ndizi. Sikumtambua mpaka alipotaja jina lake. Alikuwa Hamisi. Amekonda, na mkono wa kulia umepinda kwenye kifundo. Jela walimpeleka kuponda kokoto, jiwe likamwangukia, na mfupa ukajiunga wenyewe ulivyotaka.

"Nasikia umekaa mahali pangu," akaniambia.

"Ndugu yangu, pole sana."

"Poa moyo, sikukuletea ugomvi. Nimekuja kukuonya. Unajua hakimu aliniuliza nini? Aliuliza kama nilikusudia. Nikasema hapana, bwana, mpira ulinitoka. Akaniambia, 'Mtu anayeangusha kijiti anachotaka, kila siku, anajua mpira wake unakwenda wapi.' Umesikia, Omari? Uhodari wangu ndio uliokuwa shahidi wao."

Huyo hakimu nilimjua vizuri. Ndiye alikuwa mpigaji bora wa klabu. Wenzake walitusemesha lugha ya jikoni, yeye alisema Kiswahili safi kuliko changu, taratibu, kama anasoma. Tulimwogopa zaidi kwa hilo. Mtu akikugombeza kwa Kiswahili kibovu unaweza kujifanya hukuelewa.

Nilifika kazini nimechelewa, kichwa kimejaa mkono wa Hamisi. Nikavuta paipu nimwagilie majani ya pembeni, nikaipitisha juu ya neti ya pili, nikamwagilia, nikafunga koki. Nilidhani nimeifunga. Sikurudi kuishika. Saa sita mchana nikapita pale nikaiona paipu imelala kwenye pichi ya neti ya pili inavuja kidogo kidogo, na chini yake doa la unyevu ukubwa wa sinia. Loo! Nikabonyeza. Kidole kilizama mpaka kwenye kiungo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe. Kusahau koki ni uzembe, kila mtu husahau. Dawa yake ilikuwa kwenda kwa Mzee Elia na kusema, mzee, nimeharibu, tufunge neti ya pili. Angenitukana watu wa pwani wote mpaka babu zangu, na ingekwisha. Lakini nilimwona Bwana Kengele amesimama barazani na kengele yake, nikamwona Hamisi na mkono wake, nikaogopa. Nikachota udongo mkavu wa kwenye kibanda, nikaunyunyiza juu, nikaufagia polepole mpaka rangi ikalingana. Kwa macho hungejua.

Saa kumi jioni Mzee Elia na wengine walikuwa na rola kwenye pichi kubwa ya Jumamosi. Bwana Hakimu akaja na gongo lake, peke yake, akaenda moja kwa moja neti ya pili.

"Bwana," nikasema, "neti ya kwanza leo ina kivuli kizuri."

"Hii inanitosha."

Nikatupa mipira mitano, yote mirefu, nikiivusha ile sehemu ili itue karibu na miguu yake. Aliipiga yote bila jasho. Wa tano alipoupiga, aliliegemeza gongo begani akanijia mpaka karibu.

"Omari." Sikujua kama analijua jina langu. "Jumapili nilipita Jangwani na gari. Nikakuona. Kwa Wahindi unatupa mpira. Kwangu unatupa maembe mabovu."

Nikafuta mpira mwingine kwenye kaptula.

"Keshokutwa nitasimama mbele ya watu uliowanoa wewe. Nataka kuona wanachokiona wao. Tupa kama Jumapili. Ni amri."

"Ndiyo, bwana."

Fikirini mlivyo vijana wa leo, mnavyojibizana na wakubwa. Mimi nilirudi kuanza mbio zangu huku nahesabu. Nikikataa, nimekaidi amri ya hakimu. Nikitii, mpira wangu wa nguvu hutua mahali pamoja siku zote, hatua saba mbele ya mpigaji, na hapo ndipo penye sinia langu la maji. Ningesema neno moja tu, "pana unyevu," angeuliza nani kaufunika. Maji yalinifika shingoni, na koki nilikuwa nimeiacha mimi mwenyewe.

Nikakimbia. Nikatupa. Kwa aibu nawaambia kwamba ulikuwa mpira mzuri.

Ulitua palepale. Badala ya kudunda mapajani ulichomoka wima ukampata chini ya jicho. Ulilia kama nazi inayogongwa na panga. Akaanguka chali, gongo upande, na ile nguo yake nyeupe ikaanza kuwa nyekundu begani.

Sikukimbia. Watu husema wangekimbia, lakini miguu haikuwa yangu. Nilikaa kwenye majani nikaweka mikono kichwani, bila kuambiwa na mtu. Na niseme kweli yote: kaptula ililowa, na hayakuwa maji ya bomba.

Wakamchukua barazani, daktari mwanachama akamshona. Bwana Kengele akanijia na askari wawili. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko mpira.

"Wewe najua tupa!" akapiga kelele. "Wewe nakwenda kwa Muhindi Jumapili! Muhindi natuma wewe vunja bwana, Jumamosi yeye hapana cheza! Eeh?"

"Hapana, bwana, Mungu shahidi, mpira umeruka wenyewe!"

"Mpira hapana ruka yenyewe!"

Ndipo nilipoiona jela mbele yangu, na mkono wangu umepinda, na mtoto anazaliwa Kariakoo hana baba. Wakigundua udongo niliounyunyiza watasema nilitega mtego. Nani angeamini kwamba ulikuwa woga tu?

Mzee Elia alikuwa amefika, anahema kwa kuacha rola. Hakuniangalia. Aliingia ndani ya neti, akachuchumaa pale mpira ulipochimba, akabonyeza. Kidole kikazama. Akaunusa udongo, akapangusa kidole kwenye kaptula yake iliyopigwa pasi, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya.

"Bwana," akasema, "kosa ni langu."

"Elia? Wewe?"

"Mimi. Nilisahau koki asubuhi, hapa pakalowa. Nikaona haya, miaka yote hii, nikatia udongo mkavu juu nikaficha. Kijana hana habari. Bonyeza mwenyewe uone."

Bwana Kengele akabonyeza kwa ncha ya kiatu, udongo ukabonyea. Akanigeukia. "Wewe. Wewe najua hii maji?"

Vijana wangu, swali lilikuwa moja na jibu lilikuwa moja. Mzee Elia alikuwa anaangalia chini.

"Sikujua, bwana," nikasema.

Askari wakaniachia. Mzee Elia akafukuzwa hapohapo, bila hata kupewa muda wa kuaga. Akatoa funguo kiunoni akaziweka kwenye meza ya kengele, akachukua baiskeli yake akaikokota kwenda lango la nyuma. Alipopita penye koki akanyoosha mkono akaikaza, kama kawaida yake, kisha akatoka.

Jumamosi Wahindi walishinda kwa mara ya kwanza. Jumatatu nilipopita dukani, Jayanti aliendelea kupima kitambaa bila kuinua macho. "Omari bhai, Jumapili pumzika. Usije kwanza," akasema. Naye aliogopa, na simlaumu, maana maneno ya Bwana Kengele yalikuwa yamemfikia. Bwana Hakimu alirudi baada ya wiki kadhaa na kovu chini ya jicho. Hakuniita tena neti. Akinikaribia niligeukia rola mpaka apite. Mwezi mmoja baadaye Bwana Kengele alinipa funguo za Mzee Elia, kwa sababu kati ya waliobaki ni mimi tu niliyejua kubonyeza udongo. Hicho ndicho cheo mlichonisifia kwenye hotuba zenu.

Nyumbani nilimwambia Zuhura kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Nenda kamwambie," akasema.

"Nimwambie Mzungu? Unataka nifungwe?"

"Mzungu wa nini? Kamwambie mzee. Kamwombe radhi."

Sikwenda. Mzee Elia alikuwa ameanza kuuza ndizi za kwao pale sokoni Kariakoo, hatua chache kutoka nyumbani kwangu, na mimi nikabadilisha njia. Miaka minne nilizunguka mtaa mzima kwenda kazini ili nisipite mbele ya meza yake. Kwa Wazungu niliomba radhi kila siku kwa kosa ambalo si kosa. Kwa mtu mmoja niliyemkosea kweli, neno lilinishinda. Zuhura alinunua ndizi kwake kila wiki, mtoto mgongoni. Akirudi aliiweka chane mezani akasema maneno yaleyale: "Mzee Elia anakusalimu." Alikuwa haongezi neno. Jaribuni ninyi kumeza ndizi ya namna hiyo.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini upepo ukaanza kugeuka. Mikutano ilijaa Mnazi Mmoja, na wakubwa wa klabu wakaanza ghafla kukumbuka majina yetu. Wakakubali mechi na timu ya mchanganyiko, Wahindi na Waafrika pamoja. Jayanti alikuja mwenyewe mpaka lango la nyuma.

"Omari bhai, safari hii jina lako limeandikwa. Utaanza wewe kutupa."

"Na kwao anaanza nani kupiga?"

Akasita. "Hakimu."

Siku tatu sikula vizuri. Ile pichi nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, nilibonyeza kila asubuhi mpaka kucha ikawa nyeusi, na bado sikukiamini kidole changu. Siku ya mechi asubuhi nilitoka nyumbani na miguu ikanipeleka njia ya zamani, mpaka mbele ya meza ya ndizi. Amezeeka. Kaptula bado ina mikunjo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia leo?"

Nikajaribu kusema nililokuja nalo. Nikaishia kuuliza bei ya ndizi. Akanihurumia akasema yeye.

"Nilijua tangu siku ile. Udongo haujipaki poda wenyewe."

"Sasa mzee, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi wangenifukuza. Wewe wangekufunga." Akapanga chane mbili upya. "Hesabu rahisi. Lakini kukaa kimya miaka minne, hiyo sikukufundisha mimi."

Nikamwambia nani atasimama mbele yangu mchana ule, na kwamba naogopa. Akafunika ndizi kwa gunia, akamwomba jirani aziangalie, akachukua baiskeli.

Tuliingia kwa lango la mbele. Bwana Kengele alifungua mdomo, akaona watu walivyojaa, akaufunga. Mzee Elia akavua viatu kando ya majani, akatembea peku mpaka katikati, mbele ya wachezaji wote na Bwana Hakimu aliyekwisha simama na gongo lake, akachuchumaa hatua saba kutoka kwenye vijiti. Akabonyeza. Akasogea, akabonyeza tena.

"Pakavu," akaniambia. "Tupa."

Mpira wa kwanza ulikwenda nje kabisa. Wa pili ulikuwa embe bovu, akaupiga mpaka uzioni. Nikarudi kuanza mbio nikamwona Mzee Elia kando ya uwanja, viatu mkononi, amekunja uso kama siku zile za kijiti cha mwanzi. Wa tatu nilitupa kama Jumapili. Ulitua palepale, ukadunda mapajani kama inavyopasa, ukapita chini ya gongo, na kijiti cha kati kikangʼoka kikabiringika.

Bwana Hakimu alikitazama, akanitazama, akaweka gongo kwapani. Watu wakapiga makelele. Na mimi, kwa mazoea ya miaka, neno lilikuwa limekwisha fika mdomoni. Sikulimeza. Nikampa mgongo Bwana Hakimu, nikatembea mpaka kando ya uwanja kwenye majani, wote wananiangalia, nikasimama mbele ya mzee mwenye viatu mkononi.

"Samahani," nikasema.

Mzee Elia aliinama akaviweka viatu chini.

"Rudi kazini," akaniambia. "Umebakiza mipira mitatu."